Mtoto mwenye mtindio wa ubongo apimwe kibofu

Hapa Eastlands, kuanzia Umoja hadi Dandora, nawasikia wazazi wakisema mtoto mwenye mtindio wa ubongo atavaa nepi maisha yake yote. Mimi nasema apimwe kwanza. Wengi wao hujifunza kuzuia mkojo, ila huchelewa. Na vipimo vya mwanzo havina sindano wala mpira wa mkojo.

Cha kwanza ni daftari. Kwa siku mbili, andika alichokunywa, na upime kila mkojo kwa jagi yenye alama za mililita. Akivaa nepi, ipime kavu kisha mbichi: gramu 1 iliyozidi ni kama mililita 1. Kiasi ambacho kibofu hubeba hukadiriwa hivi: umri jumlisha 1, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 6 ni mililita 210.

Cha pili ni ultrasaundi, kabla na mara tu baada ya kukojoa. Kwa umri huo, mkojo ukibaki zaidi ya mililita 20 kila akipimwa, kibofu hakimaliziki. Mkojo unaolala huzaa maambukizi, nayo yanaweza kupanda hadi figo.

Cha tatu, mtoto hukojolea chombo kinachopima kasi ya mkojo. Mkalishe vizuri, miguu ikanyage, maana mwili ukikakamaa kipimo hudanganya.

Mweleze daktari pia kama anafunga choo, kwani choo kigumu hubana kibofu. Ukienda kliniki, iwe Mama Lucy Kibaki au kwingineko, beba lile daftari.