Ukubwa wa ganglioni

Ganglioni ni fungu la seli za neva lililoko nje ya ubongo na uti wa mgongo. Ukubwa wake huamuliwa wakati kiinitete kinapokua.

Mwanzoni kiinitete huunda seli za neva nyingi kuliko zinazohitajika. Kila seli hutoa uzi mrefu unaofikia ngozi, misuli au kiungo kingine. Kiungo hicho hutoa kiasi kidogo cha protini: seli zinazoipata huishi, zinazoikosa hufa. Ndiyo maana ganglioni zinazohudumia mikono na miguu ni kubwa kuliko zile za kifua.

Mwaka 1934 Viktor Hamburger alionyesha kwamba chipukizi la bawa likiondolewa katika kiinitete cha kuku, ganglioni za upande huo hubaki ndogo. Alidhani seli zake hazikuundwa. Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia aliyefukuzwa chuoni kutokana na sheria za ubaguzi za mwaka 1938, alichunguza mayai ya kuku katika maabara aliyoitengeneza chumbani mwake. Aligundua kwamba seli huundwa, kisha hufa. Yeye na Stanley Cohen, aliyeitenga protini hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1986.