Ukijitolea Kumfariji Mgonjwa wa Tiba Shufaa

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mahangaiko ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, kama saratani iliyosambaa au figo zilizoshindwa kufanya kazi. Haina maana kwamba mgonjwa ameachwa. Hutolewa hospitalini au nyumbani, na inaweza kwenda pamoja na matibabu mengine.

Watu wa kujitolea wamekuwa sehemu ya huduma hii tangu Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, hutumia watu wa kujitolea wanaowatambua wagonjwa vijijini na kuwaunganisha na wauguzi.

Ukiwa Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, huhitaji kusubiri kituo maalumu. Mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi anayemuuguza ni mama, dada au binti. Jirani anaweza kusaidia sana.

Kabla ya kwenda
- Omba ruhusa kwa mgonjwa na familia.
- Usiende ukiwa na mafua, kikohozi au homa.
- Nawa mikono kwa sabuni ukifika na ukiondoka.
- Usisimulie nje uliyoyaona au kuyasikia.

Mambo madogo yanayofariji
- Mwili: Mpake mafuta yasiyo na harufu kali mikononi na miguuni, polepole. Usisugue uvimbe, kidonda au sehemu inayouma.
- Nywele: Muulize anapenda zichanwe au zisukwe vipi, na usikaze. Kama zimenyonyoka kwa sababu ya dawa, mpe achague kitambaa au kanga ya kujifunga.
- Chumba: Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, kwani kufagia pakavu huamsha kikohozi. Tandika shuka safi bila mikunjo. Sogeza kitanda aone mwanga na watu wanaopita.
- Muziki: Muulize anataka kusikia nini. Wengine watapenda kwaya, wengine zeze na nyimbo za Kigogo walizokua nazo. Akitaka kimya, kaa naye kimya.

Uzuri una kazi yake. Aliyeoshwa, akachanwa na kuulizwa anachopenda hujiona bado ni mtu, si ugonjwa tu.

Usifanye haya
- Usimpe chakula, kinywaji wala dawa ya kienyeji bila kuuliza. Anayemeza kwa shida anaweza kupaliwa.
- Usifukize ubani au udi karibu naye. Moshi na harufu kali huleta kichefuchefu.
- Usimwambie "jikaze".

Mwite muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ukiona
- Maumivu hayatulii, au mgonjwa anakunja uso akiguswa.
- Kidonda kinatoa harufu. Usimwonee kinyaa, ipo dawa ya kuipunguza.
- Anapumua kwa shida, anatapika mfululizo au amechanganyikiwa ghafla.

Familia nyingi huogopa mofini. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, ni dawa salama ya maumivu makali na haiharakishi kifo. Usiwashauri waiache.

Mkumbuke anayeuguza

Mwambie: "Mama, nenda ukalale, mimi nitakaa naye mpaka saa kumi." Kisha kaa kweli mpaka saa kumi.