Shaba Ndani ya Embe

Wamama wa West Nile wanajua kuvumbika maembe tangu zamani. Unachuma yaliyokomaa lakini bado magumu, unayafunga kwenye gunia, unatia ndani moja lililoiva tayari, halafu unaacha. Siku chache tu, yote yameiva. Ndani ya gunia hilo kuna historia ndefu, na sisi wa Omugo inatugusa, maana kila msimu maembe yanaiva kwa pamoja, bei inaanguka, mengine yanaoza chini ya mti.

Historia yenyewe ilianza na taa. Karne ya 19 miji ya Ulaya iliwashwa kwa gesi ya makaa ya mawe. Watu wakaona miti iliyo karibu na mabomba yanayovuja inapukutika majani kabla ya wakati. Mwaka 1901 mwanafunzi Mrusi wa St Petersburg, Dimitry Neljubow, alieleza kwa nini miche yake ya njegere inapinda ikiwa ndani ya maabara na kunyooka ikipata hewa ya nje. Kumbe ni ethilini, gesi iliyomo ndani ya ile ya taa. Ni kitu kidogo sana: atomu mbili za kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili, na haidrojeni nne. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tunda lenyewe hutoa gesi hiyo. Basi lile embe moja kwenye gunia linawaita wenzake.

Wenzake wanasikiaje? Jibu lilichukua miaka mingi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba protini ya mmea inayoipokea ethilini ina shaba ndani yake. Gesi inakuja kukaa juu ya shaba hiyo, kama kuku anavyotua kwenye kiota chake. Shaba ikikosekana, protini haiwezi kuishika.

Ndiyo, shaba hii hii. Ndugu zetu Wakongo wanaijua vizuri: kule Katanga ilifuliwa kuwa misalaba ya kufanyia biashara kabla Wabelgiji hawajafika, na mwaka 1971 Mobutu akauita mkoa mzima Shaba. Hapa Uganda reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Madini yalisafiri, lakini maabara za kuyachunguza zilijengwa mbali na sisi.

Mwaka 1974 mwalimu mmoja wa Melbourne, Richard Robson, alikuwa akitengeneza mipira ya mbao yenye matundu ili wanafunzi wake waone jinsi atomu zinavyoungana. Akajiuliza: je, nikiunganisha molekuli zenyewe hivyo? Mwaka 1989 alitangaza kiunzi cha shaba na molekuli za kaboni, chenye nafasi tupu ndani kama sega la nyuki. Susumu Kitagawa wa Japani na Omar Yaghi wakaendeleza kazi hiyo, na mwaka 2025 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Watafiti wengine wameshajaribu viunzi vya shaba vinavyoweka ethilini ndani na kuiachia polepole ili kuivisha ndizi. Vingine vinainasa gesi hiyo ili tunda likae muda zaidi. Sokoni kwetu bado havijafika.

Yaghi alizaliwa Amman mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Mama yake hakujua kusoma. Vijana ninaofanya nao kazi huuliza faida ya kusoma kemia kwenye shule isiyo na maabara, na jina hili huwa nawatajia. Lakini siwadanganyi: alipofika miaka 15 alipata nafasi ya kwenda Marekani. Wengi wetu hatujaipata, na akili peke yake haifungui mpaka.

Ila Robson alianza na mipira ya mbao, na Neljubow na njegere. Msimu ujao tunaweza kuchukua magunia mawili, maembe ya mti mmoja. Gunia moja tunaweka embe lililoiva, lingine hatuweki. Tunahesabu siku, tunaandika kwenye daftari. Nani anakuja na gunia?