Pembe, Njaa na Bendera: Kiswahili katika Meru na Embu

Aghalabu historia ya Kiswahili katika nchi ya Meru na Embu huanzishwa na bunduki za Waingereza: Embu ilitwaliwa mwaka 1906, na mwaka 1908 E. B. Horne akaweka kituo cha serikali Meru. Lugha, husemwa, ilifuata bendera.

Lakini pembe zilitangulia. Katika miaka ya 1890 pembe za ndovu zilitakiwa mno Ulaya na Marekani, zitengenezwe vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Na anasa hizo za mbali ndizo zilizoisukuma misafara hadi kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya. Mwindaji Arthur Neumann, ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1898, alipiga kambi pande hizo pamoja na wapagazi kutoka Mombasa. Mmeru aliyewauzia chakula alikutana na Kiswahili kabla hajamwona karani yeyote.

Wala wenyeji hawakuwa na “mwisho wa karne”. Wakati walihesabu kwa marika, na kwa njaa. Njaa kuu ya miaka ya mwisho ya 1890, iliyoandamana na ndui, iliwapandisha Wambeere na Wakamba hadi nyanda za juu za Embu. Na Wakamba walikuwa wamekwisha kufanya biashara na pwani kwa miongo mingi.

Basi mtafiti akutapo neno la Kiswahili katika Kimeru au Kiembu, hana budi kuuliza kwanza: liliingia na mnunuzi wa pembe, na mkimbizi wa njaa, au na askari wa Horne?