Pesa Isiyoshikika: Kutoka Visima vya Elwak hadi Sayari ya Calypso

Elwak iko katika Kaunti ya Mandera, mahali Kenya inapokomea upande wa mashariki. Hatua chache ng'ambo ya mpaka kuna Elwak nyingine, iliyo katika mkoa wa Gedo nchini Somalia. Kilichowaleta watu hapa ni visima. Wafugaji wa jamii ya Garre na majirani zao walikuwa wakinywesha ngamia katika visima hivyo tangu enzi ambazo hakuna ramani iliyowatenga. Mstari wa leo ulipata sura yake mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland. Desemba 1940 wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, waliwashambulia Waitaliano papa hapa. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, kisha sheria za hali ya hatari zilizoendelea kulibana eneo zima la Kaskazini Mashariki mpaka 1991.

Katika historia hiyo serikali ilifika kama askari miaka mingi kabla haijafika kama benki. Ndiyo maana watu wa mpaka huu walijifunza mapema namna ya kumiliki, kukopesha na kusafirisha pesa ambayo hawaishiki mkononi. Nasimulia habari yao pamoja na habari ya ulimwengu mwingine ulio mbali nao sana: sayari iliyobuniwa ndani ya kompyuta za Uswidi, ambako watu wa mataifa mengi wamekaa miaka ishirini na zaidi wakiwinda, wakichimba madini na kununua ardhi kwa dola za kweli. Naziweka pamoja kwa kuwa zote mbili zinauliza swali moja. Mtu akiiweka mali yake mahali asipoweza kuigusa, nani atamjibu siku mambo yakiharibika?

Tuanze na mifugo. Kwa mfugaji, mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, na uzuri wa mali hiyo ni kwamba hujipeleka sokoni kwa miguu yake. Shida huanza baada ya kuuza. Mtu aliyefikisha mifugo Garissa au Nairobi hana njia salama ya kurudi na noti mfukoni kwenye barabara yenye majambazi na vizuizi. Wasomali walioajiriwa katika nchi za Ghuba miaka ya 1970 nao walikuwa na shida hiyohiyo ya kuwafikishia jamaa zao mishahara. Wafanyabiashara wakawapatia njia. Mfanyabiashara alizichukua fedha za mhamiaji kulekule Ghuba, akanunulia bidhaa, akazisafirisha nyumbani na kuziuza, kisha akailipa familia ya mhamiaji kutokana na mauzo. Pesa yenyewe haikuvuka bahari. Kilichovuka ni shehena ya bidhaa na ahadi.

Hawala ilikomaa kutokana na utaratibu huo. Mtumaji humpa wakala fedha taslimu. Wakala humjulisha mwenzake wa mji wa mbali. Yule wa mbali humlipa mpokeaji kutoka kwenye fedha alizo nazo. Hesabu kati ya mawakala husawazishwa baadaye, mara nyingi kwa bidhaa. Katika miaka ya 1990, simu zilipokuwa hazifanyi kazi nchini Somalia, ujumbe ulipita kwenye redio za masafa marefu, na wenye redio wakawa sehemu ya mfumo wa fedha. Mpokeaji asiye na kitambulisho aliulizwa ukoo wake, jina la babu yake na watu wa kumdhamini. Wakala aliyekula fedha ya mtu alijua kwamba aibu hiyo ingefika kwa wazee wa ukoo wake na kumfungia biashara kila mahali jina lake lilipojulikana.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na Benki Kuu ya Somalia ikaanguka nayo. Jambo lililofuata limewashughulisha wanauchumi mpaka leo: shilingi ya Somalia haikufa. Haikuwa tena na benki ya kuitolea dhamana, hazina wala mahakama, lakini watu waliendelea kuipokea kwa sababu kila mmoja alitarajia mwenzake ataipokea. Wababe wa vita na wafanyabiashara wakachapisha noti zao wenyewe, na thamani ya noti ya shilingi 1,000 ikashuka mpaka kuwa senti chache tu za dola. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba takriban asilimia 98 ya noti za shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa bandia. Wauza maziwa na wauza chai waliendelea kurudishiana chenji kwa noti hizo.

Wakati huohuo biashara ya mifugo ilinawiri. Mwanaanthropolojia Peter Little, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu uchumi wa Somalia isiyo na serikali, alieleza jinsi ng'ombe kutoka bonde la Jubba walivyofurika katika soko la Garissa na kuendelea hadi Nairobi. Mfanyabiashara aliuza kwa shilingi za Kenya, akazigeuza kuwa dola mtaani Eastleigh jijini Nairobi, akazituma kwa hawala, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu na moyo mtulivu. Kanda ya Elwak, yenye soko la mifugo linalolishwa na pande zote za mpaka, ilikulia katika uchumi wa namna hiyo. Mali ya mtu ilikuwa mstari mmoja ndani ya daftari la mtu mwingine.

Novemba 7, 2001, majuma machache baada ya mashambulio ya New York na Washington, serikali ya Marekani ilizifunga ofisi za Al-Barakaat na kuzuia mali zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za kutuma fedha Somalia, na ilikuwa na biashara ya simu pia. Familia zilizokuwa zikisubiri fedha za chakula zikajikuta mbele ya milango iliyofungwa. Baadaye wachunguzi wa tume ya Marekani iliyochunguza mashambulio hayo waliandika kwamba ushahidi wa kampuni hiyo kulifadhili kundi la al-Qaeda haukupatikana. Kufikia wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kuumia, wala hakuna aliyewalipa fidia ya majuma yale ya njaa.

Sasa twende kaskazini ya mbali. Mwaka 1999, katika mji wa Gothenburg nchini Uswidi, iliundwa kampuni iitwayo MindArk. Mapema mwaka 2003 ilifungua ulimwengu wa kompyuta ulioitwa Project Entropia, ambao baadaye ukawa Entropia Universe, na sayari yake ya kwanza ikaitwa Calypso. Michezo mingi ya wakati huo ilikataza kuuza mali ya mchezoni kwa fedha za kweli. MindArk iliifanya biashara hiyo kuwa msingi wa ulimwengu wake. Sarafu ya ndani, PED, ilifungwa kwenye dola: PED 10 ni sawa na dola 1. Mtu huweka dola zake zikawa PED, na akitaka kutoka huziomba zirudi kuwa dola, baada ya kufikisha kiwango cha chini na kusubiri kampuni ikamilishe ukaguzi wake.

Mkaaji wa muda mrefu wa Calypso anaishi maisha ya hesabu. Kila risasi anayopiga ina bei, na bunduki huchakaa na kudai matengenezo. Mnyama akiuawa huweza kuacha kitu chenye thamani kuliko risasi zilizomuua, au asiache chochote. Mchimba madini hulipia kila jaribio la kutafuta, na fundi hununua malighafi akitumaini kifaa atakachounda kitapata mnunuzi mnadani. Mgeni asiye na fedha huanza kwa kukusanya jasho la wanyama, bidhaa ya bei ndogo sana inayohitajiwa na wengine, naye hulikusanya saa nyingi ili apate dola moja. Ujuzi huongezeka polepole kwa miaka, na wenyewe ni mali: unaweza kutolewa kwa mhusika mmoja na kuuzwa kwa mwingine. Aliyekaa miaka kumi ana mavazi ya vita, ujuzi, marafiki wa kikundi chake na jina linalotambulika sokoni. Vyote hivyo vimo ndani ya kompyuta za kampuni moja.

Wapo waliofanikiwa. Desemba 2004 kijana wa Australia, David Storey, alinunua kisiwa cha Calypso kwa dola 26,500, na kwa kutoza kodi wawindaji na kuuza viwanja akairudisha fedha yake ndani ya mwaka mmoja hivi. Mwaka 2005 mwigizaji Jon Jacobs aliweka nyumba yake rehani ili anunue asteroidi kwa dola 100,000, akajenga juu yake kumbi za starehe na maeneo ya uwindaji. Mwaka 2010 aliiuza vipandevipande kwa jumla ya dola 635,000. Mwaka uliofuata kampuni ikauza hati 60,000 za ardhi ya Calypso kwa dola 100 kila moja, na wenye hati wakawa wakipata mgawo wa mapato ya sayari. Habari hizi zilizunguka dunia nzima. Haikuzunguka habari ya maelfu ya wawindaji ambao kodi, risasi na uchakavu wa bunduki zao ndivyo vilivyolipa faida hiyo. Kwa wengi wao Calypso ni burudani ya kulipia, na wanaokaa humo kwa amani ni wale waliolikubali hilo mapema.

Hatari ya ulimwengu wa namna hii ilidhihirika kwa jirani yake. Katika Second Life, ulimwengu wa kampuni ya Marekani ya Linden Lab uliofunguliwa pia mwaka 2003, watumiaji walianzisha benki zao zilizoahidi riba kubwa mno. Moja, Ginko Financial, iliporomoka Agosti 2007, na akiba za wateja zikapotea. Januari 2008 Linden Lab ikapiga marufuku benki za riba zisizo na leseni ya serikali halisi. Waliokwisha kupoteza hawakuwa na mzee wa ukoo wa kumwendea, na wengi wao walimjua mwenye Ginko kwa jina la mhusika tu. MindArk ilipita njia nyingine: mwaka 2009 ilipata kibali cha kuanzisha benki nchini Uswidi, dalili kwamba hata wenye sayari ya kubuni walijua pesa inahitaji msimamizi aliye nje ya mchezo.

Tukirudi Kenya, Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na pesa isiyoshikika ikaingia katika simu ya kila mtu. Ng'ambo ya mpaka, kampuni ya Hormuud ilieneza EVC Plus, ambayo hesabu zake ni za dola. Mkaaji wa Elwak leo anaweza kuwa na shilingi za Kenya katika laini moja na dola katika nyingine, akanunua mbuzi kwa kubonyeza tarakimu. Lakini umeme wa mji hutegemea mitambo isiyounganishwa na gridi ya taifa, na minara ya mawasiliano ya kaunti za Mandera, Wajir na Garissa imelipuliwa mara nyingi na kundi la al-Shabaab. Mnara ukianguka, salio halipotei, ila halifikiki. Mwenye duka aliyezoea kuuza kwa simu hurudia daftari la madeni na kuwakopesha anaowajua.

Kisha likaja pigo lililotoka upande wa serikali. Aprili 2, 2015, washambuliaji waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye, katikati ya msiba ambao nchi nzima iliulilia, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha na kufungia akaunti kadhaa. Kampuni hizo zilikuwa zimekubali kusajiliwa chini ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2013. Kwa miezi zaidi ya miwili jamaa waliokuwa wakiwatumia wazazi wao fedha kupitia njia zenye leseni walikuta njia hizo zimezibwa. Zilifunguliwa tena mwezi Juni. Serikali ilikuwa na haki ya kuwasaka wauaji na wafadhili wao. Ilikosea ilipofunga kampuni zote hizo kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ilimfundisha raia mtiifu kwamba leseni haimlindi.

Nikizilinganisha historia hizi mbili, naona hekima kubwa iko upande wa visima. Hawala ilivuka kuanguka kwa serikali, vita, na kufungwa kwa kampuni yake kubwa kuliko zote, kwa sababu daftari lake halikuwa mahali pamoja. Lilikuwa mikononi mwa mawakala wengi wanaodaiana, na kila mmoja alikuwa na watu wa kumuuliza. Calypso imedumu kwa sababu kampuni moja imeendelea kutimiza neno lake: PED 10 bado ni dola 1. Uaminifu huo unastahili kuheshimiwa. Hata hivyo mkaaji wake aliyewekeza miaka na maelfu ya dola anategemea mlango mmoja wa kuingilia na kutokea, na funguo zake hana.

Vijana wa Elwak wenye simu nzuri tayari wanaitwa na michezo ya kulipana, sarafu za mtandaoni na masoko ya kubahatisha, kila kimoja kikijinadi kama njia ya kutoka kwenye ukame. Sitawaambia wasiguse. Babu zao waliishi kwa pesa isiyoonekana na wakastawi. Nawasihi tu wafanye walichofanya babu zao kabla ya kumkabidhi mtu fedha: waulize daftari liko kwa nani, nani anamdhamini, na siku ya mgogoro shauri litaamuliwa na nani, katika mji gani, kwa sheria ipi. Nao wanaotunga sheria Nairobi wana deni kwa watu wa mpaka huu. Wanapaswa kuhakikisha kwamba anayefuata kanuni habebeshwi kosa la asiyezifuata, kwa sababu mtu aliyefungiwa njia halali akiwa hana hatia hurudi kwenye njia ya gizani, na huko hata serikali yenyewe haina wa kumuuliza.