Kempa ya pikapu na mbwa: Wikendi porini kwa mtindo wa Wamarekani

Katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, si ajabu Ijumaa jioni kuona pikapu ikitoka mjini ikiwa imebeba kibanda kilichobanwa mfano wa sanduku, huku mbwa akichungulia dirishani kutoka kiti cha nyuma. Kibanda hicho huitwa kempa. Aina inayozungumziwa hapa ni ile ambayo paa lake hunyanyuliwa gari likishaegeshwa, na kushushwa safari inapoanza tena.

Kempa hii haivutwi kama trela. Hukaa moja kwa moja katika sehemu ya pikapu ya kubebea mizigo na kufungwa kwa vyuma vya kukaza katika pembe zake. Kuta za chini ni ngumu. Za juu ni za turubai linalokunjika paa linapoteremshwa. Kitanda hulazwa juu ya chumba cha dereva, na chini yake hubaki ujia mwembamba wenye jiko la gesi, jokofu dogo, sinki na kiti. Faida ya paa la kushuka ni kwamba gari haliyumbi sana kwa upepo, halili mafuta mengi kama lile lenye kibanda kirefu, na hupita chini ya matawi katika njia za msituni. Mtu aliyezoea hulinyanyua kwa dakika chache tu, jambo lenye thamani kubwa kwa anayefika kambini usiku akiwa na siku mbili pekee za mapumziko.

Ushirika wa mbwa na kempa una historia yake. Mnamo Septemba 1960, mwandishi John Steinbeck, ambaye riwaya yake ya The Pearl imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya, aliondoka Sag Harbor katika jimbo la New York akiwa na mbwa wake Charley ili kuizunguka Marekani. Gari lake lilikuwa pikapu iliyobebeshwa kibanda, naye aliliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962, mwaka ule ule alioshinda Tuzo ya Nobel ya fasihi. Wachunguzi wa baadaye wamedai kwamba Steinbeck alilala hotelini mara nyingi kuliko anavyomfanya msomaji aamini. Hata hivyo, gari lenyewe bado limehifadhiwa katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake mjini Salinas, California. Kibanda chake hakikuwa cha paa la kunyanyuka. Aina hiyo ilipata umaarufu baadaye; kampuni ya Four Wheel Campers, mojawapo ya zinazojulikana zaidi katika biashara hii, ilianzishwa mwaka 1972.

Janga la Covid-19 liliongeza hamu ya watu kulala nje ya miji. Mwaka 2021 viwanda vya Marekani vilipeleka sokoni zaidi ya magari na trela za makazi 600,000 za kila aina, idadi iliyoteremka hadi takriban 313,000 mwaka 2023. Kempa za pikapu ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni uzito. Kila pikapu inayouzwa Marekani huwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja kilo ambazo abiria na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuzidi. Tuchukue mfano wa gari linaloruhusiwa kubeba kilo 700. Kempa tupu yaweza kuwa na kilo 450. Lita 75 za maji ni kilo 75, watu wazima wawili ni kilo 150, mbwa mkubwa kilo 30, na betri, mtungi wa gesi, chakula na vyombo ni kilo 80. Jumla ni 785. Gari hilo limezidishiwa kilo 85 kabla hata hajapandishwa mtoto, na kuongeza springi za nyuma hakubadilishi idadi iliyoandikwa mlangoni. Breki, magurudumu na ekseli hubaki zile zile, na katika mteremko wa milima ya Rocky ndipo kasoro hiyo hujidhihirisha.

Mbwa naye huleta maswali yake. Sakafu ya kempa huwa takriban mita moja kutoka ardhini, na mbwa mzee au mwenye maumivu ya nyonga hawezi kuruka kimo hicho mara kumi kwa siku. Wengi hubeba ngazi pana au ubao wa kupandia. Kitanda cha wenyewe nacho ki juu mno kwake, hivyo hulala katika ujia, mahali pale pale ambapo anayeshuka usiku kwenda msalani huweka mguu wake wa kwanza. Taa ndogo ya sakafuni huokoa vidole vya mmoja na mkia wa mwingine. Aidha, pumzi za watu wawili na mbwa mmoja katika chumba kidogo hugeuka matone ya maji kwenye turubai kufikia alfajiri, na ndiyo maana wazoefu hufungua tundu la paa kidogo hata wakati wa baridi kali.

Tundu hilo lina kazi nyingine muhimu zaidi. Jiko la gesi likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha joto laweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile isiyo na harufu ambayo huua familia zinazolala na jiko la makaa ndani ya nyumba hapa nchini. Hita halali za kempa huvuta hewa na kutoa moshi wake nje ya ukuta. Kifaa cha kutoa king'ora gesi hiyo inapogunduliwa si cha anasa, na betri yake hukaguliwa kabla ya kila safari.

Joto ndilo hatari kubwa zaidi kwa mbwa. Mnyama huyu hutegemea sana kuhema ili kujipoza, na akifungiwa mahali penye hewa ya moto, kuhema hakumsaidii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la Pediatrics ulipima gari lililoegeshwa juani katika siku zenye nyuzijoto kati ya 22 na 36 hivi. Ndani ya saa moja, joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha madirisha wazi kidogo hakukusaidia sana. Kempa iliyoshushwa paa ni sanduku la namna hiyo hiyo, tena dereva haoni wala hasikii kinachotendeka ndani yake. Kwa sababu hiyo mbwa husafiri katika kiti cha nyuma cha pikapu, akiwa amefungwa mkanda. Katika jimbo la California, kumbeba mbwa nyuma ya pikapu iliyo wazi bila kumfunga au kumweka katika kizimba ni kosa la barabarani.

Swali linalofuata ni pa kulala. Hapa wageni wengi hukosea kwa kudhani kwamba mbuga za kitaifa ndizo mahali bora. Katika mbuga hizo mbwa lazima awe amefungwa kamba isiyozidi futi 6, yaani takriban mita 1.8, na katika nyingi haruhusiwi kwenye njia za miguu. Isitoshe, hairuhusiwi kumfunga mtini na kumwacha peke yake. Grand Canyon humruhusu mbwa kutembea katika njia za ukingo wa kusini, lakini si kuteremka bondeni. Yellowstone humweka karibu na barabara, maegesho na kambi, asizidi futi 100 kutoka hapo.

Ukali huo una chanzo. Mnamo Julai 1981, mbwa aliruka kutoka garini na kutumbukia katika chemchemi ya moto ya Yellowstone yenye maji ya nyuzi 94 hivi. Kijana wa miaka 24 alijitosa kumwokoa mbwa huyo, ambaye hakuwa hata wake bali wa rafikiye. Mbwa alikufa, kijana naye aliaga dunia siku iliyofuata. Mkasa wa namna hiyo ulirudiwa Oktoba 2021, mwanamke wa miaka 20 alipoungua kuanzia mabegani hadi miguuni alipomfuata mbwa katika chemchemi nyingine ya mbuga hiyo.

Yellowstone ina kikwazo kingine kinachowahusu moja kwa moja wenye paa la turubai. Kambi ya Fishing Bridge, iliyo katika makazi ya dubu, hupokea magari yenye kuta ngumu tu. Dubu hazuiwi na kitambaa, na sahani ya chakula cha mbwa iliyoachwa nje humwita kama vile nyama inavyomwita fisi.

Wenye mbwa hupendelea misitu ya serikali ya shirikisho na ardhi inayosimamiwa na idara ya Bureau of Land Management. Huko masharti ni mepesi zaidi, na sehemu nyingi huruhusu kupiga kambi bila malipo, kwa kawaida kwa muda usiozidi siku 14 mahali pamoja. Hakuna maji ya bomba wala choo. Kuna kupe, nungunungu, na nyoka wa sumu ambaye mkia wake hulia kama kayamba. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa huwekwa garini pamoja na nambari ya simu ya daktari wa mifugo wa mji ulio karibu.

Mkenya anayetamani kuiga mtindo huu na aelewe kwamba mbuga zinazosimamiwa na KWS haziruhusu mbwa wa nyumbani. Sababu yake si urasimu. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti na kusambaa hadi Maasai Mara, na wanasayansi walivihusisha na mbwa wa vijiji vilivyopakana na mbuga. Kwa mwenye mbwa, hubaki kambi za watu binafsi na mashamba yanayopokea wageni, baada ya kuomba idhini kwanza.

Jumapili jioni, kempa irudipo nyumbani, kazi haijaisha. Turubai lililokunjwa likiwa na unyevu hushika ukungu baada ya siku chache, hivyo paa hunyanyuliwa tena uani ili likauke. Wakati huo mbwa hupapaswa masikioni, kwapani na katikati ya vidole kutafuta kupe.