Kisiwa cha Mzee Saanane

Atokaye Mwanza mjini kwa mashua, akayapa kisogo yale majabali yaliyobebana, hakawii kufika Saanane, kisiwa kidogo cha mawe kilichorithi jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekikalia hata serikali ilipokitwaa, ikamlipa fidia, na mwaka 1964 ikakifanya bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 1959 Wamasai walikuwa wamekwisha kuondolewa Serengeti, wakaachiwa Ngorongoro wakae pamoja na wanyama. Na kwa rai yangu habari hizi mbili ni za nasaba moja, ijapokuwa ile ya Wamasai imejaza vitabu na hii ya mzee wetu (aliyekuwa peke yake, bila kabila nyuma yake la kumsemea) haitajwi ila kwa jina la kisiwa. Na huku watu wakiondolewa hivyo kupisha wanyama, kisiwani Rubondo nako, upande wa magharibi, kati ya 1966 na 1969 walifunguliwa sokwe waliokuwa wamefungwa Ulaya. Baadaye, Sera ya Wanyamapori ya 1998 ndiyo iliyovipa vijiji ruhusa ya kusimamia wanyama katika ardhi yao, ilhali Saanane, kisichokuwa tena na mkazi wa kudai idhini hiyo, kilipewa daraja la hifadhi ya taifa mwaka 2013.